Tufuge Panya wa Saratani?

Wanaozungumza ni MTAFITI wa baiolojia, mzaliwa wa Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma. MFUATA SOKWE, mstaafu wa hifadhi ya Gombe. MCHUUZI wa dagaa. Na MUUGUZI wa wodi ya watoto. MWANDISHI ameingilia mara moja tu.

MTAFITI: Niseme ninachokitaka mapema, wazee wangu, ili baadaye asiwepo wa kudai nimemzungusha. Nataka chuo kimoja hapa Tanzania kifuge panya waliobadilishwa jeni, tujifunze saratani inavyoanza. Na nataka tuanze na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya la mtoto mpaka meno yanalegea. Hiyo ni ya huku kwetu kwenye Maziwa Makuu. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Panya wa kuichunguza wakaja kuzaliwa Marekani na Australia.

MCHUUZI: Mwanangu, mimi nafuga paka ili panya wasiniingilie magunia ya dagaa. Wewe umesoma miaka yote hiyo, halafu unakuja mwaloni kutuambia tuwafuge?

MTAFITI: Wa kwangu hawatoki nje ya chumba chao, mama. Na hata wakitoka hawafiki mbali, kwa sababu…

MFUATA SOKWE: Kwa sababu ni wagonjwa. Malizia.

MTAFITI: Ndiyo, mzee. Wanazaliwa ili waugue.

MFUATA SOKWE: Afadhali umelisema kwa kinywa chako. Sasa nieleze kisa cha kumzaa mnyama ili augue, wakati wagonjwa tunao tayari.

MTAFITI: Kwa sababu ndani ya mtoto mambo yote yanatokea kwa pamoja. Burkitt aliona kwamba uvimbe huu unaandama nchi za joto na mvua na unapungua kadiri unavyopanda milimani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kama maili 10,000 kutoka Kampala kuelekea kusini, hospitali hadi hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: watoto wa namna hii mnawapata? Ramani yao ikafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kirusi hicho karibu kila mtu hapa Kibirizi anacho tangu utotoni. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba katika uvimbe huo jeni iitwayo MYC imehama kutoka kromosomu ya 8 na kuangukia, mara nyingi, kwenye ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo kwenye seli zile hazilali. MYC kazi yake ni kuiamuru seli ikue. Ikiangukia pale ni injini ya boti iliyokwama kwenye mwendo wa kasi, na nahodha hana pa kuizimia. Basi hebu niambieni: kati ya malaria, kirusi na jeni iliyohama, mkosaji ni nani? Ukimtazama mtoto huwezi kujua, anavyo vyote vitatu. Panya unaweza kumpa kimoja ukamnyima vingine.

MFUATA SOKWE: Na ukimpa hicho kimoja?

MTAFITI: Melbourne, Australia, mwaka 1985, watafiti wa taasisi moja walitengeneza panya mwenye MYC iliyounganishwa na kichocheo cha jeni za kingamwili, ajali ile ile ya mtoto. Wanachukua yai lililorutubishwa, wanalitia jeni kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, kisha wanalipandikiza kwa jike. Panya wale walizaliwa wazima. Baada ya miezi michache tezi zikavimba. Lakini hazikuvimba siku moja kwa wote, na hilo ndilo lililofundisha: MYC peke yake haitoshi, lazima kuwe na kosa la pili. Wenzao wa taasisi hiyo hiyo walionyesha mwaka 1988 kwamba jeni nyingine, BCL2, huifanya seli iliyostahili kufa ikatae kufa. Kutokana na njia hiyo ilikuja dawa ya saratani ya damu, venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Panya hawa hawakufa bure.

MUUGUZI: Hiyo dawa mimi sijawahi kuishika mkononi.

MTAFITI: Najua, dada.

MFUATA SOKWE: Ngoja nikwambie sisi tulivyofanya kazi, maana wewe umesoma vitabu na mimi nimesoma msitu. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alishuka Gombe Julai 1960. Boti zinaondokea hapa hapa Kibirizi mpaka leo, unazijua. Kazi yetu ilikuwa kumfuata sokwe tangu anaamka kwenye kiota chake mpaka anajenga kingine jioni, na kuandika. Kila sokwe alikuwa na jina. Wataalamu wa Ulaya walimcheka, wakasema mnyama hupewa namba. Na usidhani tulikuwa tunaandika habari za kula mchwa tu. Tuliokota vinyesi vyao. Kwenye vinyesi hivyo wataalamu wakakiona kirusi ambacho ni ndugu wa kile cha UKIMWI, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba sokwe wa Gombe wenye kirusi hicho walikuwa kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wasio nacho. Kabla ya hapo mabingwa wa maabara walisema kirusi kile hakimdhuru sokwe. Hakuna aliyechomwa sindano wala kufungiwa kwenye kizimba. Ilihitajika miguu tu, na subira.

MTAFITI: Na mwaka 1966, mzee?

MFUATA SOKWE: Mwaka 1966 kulikuwa na nini?

MTAFITI: Gombe nzima mnaijua habari hiyo. Ugonjwa wa kupooza ulipoingia, sokwe wakaanza kuburuta mikono, nani aliwaokoa waliobaki?

MFUATA SOKWE: Walipewa chanjo ya polio. Ilitiwa kwenye ndizi. Wazee waliokuwepo walitusimulia.

MTAFITI: Chanjo ile ilioteshwa kwenye seli za figo za kima. Kabla ya kufika kwenye ndizi ya Gombe, kima wengi sana walikufa maabara. Hakuna aliyewapa majina.

MFUATA SOKWE: Hapo umenibana, sikatai. Ila tazama na wewe: ndizi ile ilimfikia sokwe aliyekuwa anakufa wiki ile ile. Ya kwako inamfikia nani, na lini? Na kama ni panya, Tanzania ina panya wanaojulikana dunia nzima. Panya buku wa Chuo cha Sokoine, Morogoro, wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alikwenda Kambodia kunusa mabomu akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Alikuwa na jina, alistaafu kama mimi. Huyo ametumika na hakuna aliyemtia ugonjwa.

MTAFITI: Panya buku atakuonyesha makohozi yenye kifua kikuu. Kwa nini mtu mmoja kaugua na jirani yake hakuugua, hakwambii. Hizo ni kazi mbili, mzee.

MUUGUZI: Mniruhusu nami niseme, maana mnazungumza kama vile swali kubwa ni nani anajua nini. Burkitt ndiyo saratani ya binadamu inayokua haraka kuliko zote. Kwa siku moja au mbili seli zake zinaweza kuongezeka maradufu. Mama anamleta mtoto akidhani ni jino. Ameshapitia kwa fundi wa meno, na kwa mganga pia. Lakini sikilizeni hili: saratani hiyo inatibika. Burkitt mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianza kuwapa watoto wa Uganda dawa za sindano, na uvimbe ukayeyuka mbele ya macho yake. Wengine walipona kwa dozi chache. Dawa mojawapo, cyclophosphamide, tunaitumia mpaka leo. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kwa kumi wanapona. Wakati dawa hiyo inaanza kuponya, panya wako wa Melbourne alikuwa bado miaka zaidi ya 20 azaliwe. Kwa hiyo mtoto wa hapa akifa kwa Burkitt, tusiseme amekufa kwa kukosa maarifa. Maarifa yalikuwepo kabla wewe na mimi hatujazaliwa.

MCHUUZI: Mtoto wa mdogo wangu alianza na shavu. Tulidhani amepigwa na nyuki. Tukapewa barua ya kwenda hospitali kubwa, Bugando, Mwanza. Barua ilikuwa bure, lakini nauli haikuwa bure, na mama akiondoka nani atalisha waliobaki? Tukaanza kuchanga. Ilikuwa ni mbalamwezi, vipe vya kuvulia havishuki, dagaa hakuna, hela hakuna. Mchango ulipotimia mtoto hakuwa wa kusafirishwa tena. Sasa wewe unanieleza kromosomu. Sikatai kwamba ipo.

MTAFITI: Pole sana, mama. Sina cha kukujibu hapo, na sitajaribu. Ila kutibu si jambo pekee. Mimi nauliza kama tunaweza kumzuia asiugue kabisa, barua isiandikwe. Na hilo limejaribiwa hapa hapa Tanzania. Kule Mara kaskazini, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, watoto waligawiwa klorokwini kuzuia malaria, ili ionekane kama Burkitt itapungua. Ilipungua. Lakini ilikuwa imeshaanza kupungua hata kabla ya vidonge, na vimelea vikaanza kuizoea dawa. Miaka mitano, watoto maelfu, na mwisho wake hakuna aliyeweza kuapa kwamba malaria ndiyo mkosaji.

MCHUUZI: Kwa hiyo watoto wa Mara nao walifanyiwa jaribio.

MTAFITI: Ndiyo. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichukua panya waliokosa jeni ya p53, ile inayoisimamisha seli yenye kasoro isizaliane, wakawaambukiza malaria ya panya. Malaria ile ilikaa mwilini muda mrefu, ikazifanya seli za kingamwili zizaliane bila kupumzika. Ndani ya seli hizo kuna kimeng'enya kiitwacho AID, kazi yake ni kubadilisha herufi za DNA ili kingamwili zinolewe. Kilibadilisha mpaka pasipopaswa kuguswa. Kromosomu zikakatika, zikaungana ovyo, na panya wakapata uvimbe wa aina inayokaribiana na Burkitt. Wala kirusi hakikuwepo. Jibu ambalo watoto wa Mara hawakuweza kulitoa kwa miaka mitano lilipatikana kwenye vizimba. Sasa chagueni: ama panya, ama watoto.

MFUATA SOKWE: Au asiwe yeyote. Mbona hilo hulitaji?

MTAFITI: Kwa sababu "asiwe yeyote" maana yake ni watoto wale wale, ila hakuna anayeandika.

MFUATA SOKWE: Hapana, usinipige kona. Panya wako amenyang'anywa p53. Mtoto wa Kibirizi anazaliwa nayo. Panya wako hana kirusi. Mtoto anacho. Malaria uliyompa si malaria yetu. Umemtengeneza kiumbe asiyepatikana popote chini ya jua, kisha unasema amekueleza habari za mtoto. Mimi nikimwona sokwe anaugua, ni sokwe kweli, anaugua ugonjwa wake, kwenye msitu wake.

MTAFITI: Kuna ukweli. Kirusi cha Epstein na Barr hakimwingii panya wa kawaida, inabidi apandikizwe chembe za kinga za binadamu. Na dawa nyingi zinazomponya panya zinashindwa kwa mtu, hilo halifichiki. Ila vimelea vya malaria ya panya msivitupe mbali sana: vya kwanza kutumika sana maabara vilipatikana mwaka 1948 kwa panya wa porini Katanga, ng'ambo ya ziwa hili. Hata hapo mali ghafi ilitoka kwetu.

MCHUUZI: Mali ghafi. Umelitaja wewe, sikulitaja mimi. Haya, panya mwenyewe ni wa nani?

MTAFITI: Unauliza mwenye…

MCHUUZI: Mwenye mali. Mtumbwi una mwenyewe, wavu una mwenyewe. Panya wa saratani mwenyewe ni nani?

MTAFITI: Tarehe 12 Aprili 1988 Chuo Kikuu cha Harvard kilipewa hati miliki ya panya wa saratani, wa kwanza duniani. Waliomtengeneza ni Philip Leder na Timothy Stewart, na jeni waliyomtia kwanza ni MYC. Leder ni mmoja wa walioonyesha mwaka 1982 kwamba MYC ndiyo iliyohama kwenye Burkitt. Haki za kumuuza zikaenda kwa kampuni ya DuPont iliyofadhili. Hati ilimhusu panya na uzao wake, na pia mnyama yeyote anyonyeshaye aliyetiwa jeni ya saratani, isipokuwa binadamu.

MFUATA SOKWE: Sokwe yumo?

MTAFITI: Kwa maandishi yale, yumo.

MFUATA SOKWE: Astaghfirullah.

MTAFITI: Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa mwaka 2002, majaji watano kwa wanne, ikasema mnyama mzima hawezi kuwa uvumbuzi wa mtu. Na hati ya Marekani imeshakwisha muda wake.

MCHUUZI: Imekwisha baada ya kuliwa. Ugonjwa wa watoto wetu, jeni wameiona humo, panya wakawa wao, hela zikawa zao. Mulago ilipewa nini? Huyo mtoto aliyetolewa seli alipewa nini?

MTAFITI: Kuna jambo sikutaka kulitaja. Maabara nyingi za saratani duniani zina seli za Burkitt ambazo hazifi, zinaoteshwa kwenye chupa. Aina moja inayotumika sana ilitoka kwa mvulana wa Kenya mwaka 1967. Zinaitwa Daudi. Ukiagiza kwa pesa unatumiwa.

MFUATA SOKWE: Umeona. Panya hana jina, na Daudi anauzwa kwa jina lake.

MWANDISHI: Naingilia hapa, kwa kuwa suala la hati miliki limewakera wote na mimi kuna linalonikera zaidi. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ilirekebishwa mwaka 2002, ikatamka kwamba panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawahesabiwi kuwa "mnyama". Yaani kiumbe kinachotumika kuliko vyote ndicho kilichotolewa kwenye maana. Wanaotetea kazi hii wakitaka tuwaamini, waanze kwa kumrudisha panya kwenye sheria. Endeleeni.

MTAFITI: Ni kweli, ingawa wafadhili wa serikali kule wanadai kamati ikague kila jaribio, na kanuni zipo tangu mwaka 1959: tumia kisichohisi ukiweza, punguza idadi, punguza maumivu. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na hayo ya Daudi na hati miliki, mama, ndiyo yanayonifanya niseme panya wazaliwe hapa. Tukiendelea kupeleka seli na kupokea makala, tutabaki wa kuchukuliwa tu. Aliye na panya ndiye anayechagua swali. Huko hakuna anayeamka asubuhi akiwaza taya la mtoto wa Kigoma.

MUUGUZI: Novemba 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni Makutupora, Dodoma. Mahindi, ambayo hayakimbii. Unafikiri panya watakupitishia?

MTAFITI: Nitaomba. Wakikataa nitauliza sababu, na nitaandika sababu hizo.

MCHUUZI: Mimi sijasema wakatae. Sikiliza. Mwaka 2024 tulifunga ziwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna kuvua. Wataalamu walisema samaki wanapungua, wapumzike wazaliane. Miezi mitatu mwalo huu umelala. Watoto wangu walikula mihogo na mawese. Nililalamika, na bado nikavumilia, kwa sababu samaki wakizaliana watashushwa hapa hapa, mbele ya kibanda changu. Mzigo ulikuwa wangu na faida itanipata mimi. Wewe unaniomba nikubali panya wateseke, kodi yangu iwalishe, na mzee wangu huyu anune. Nionyeshe mwalo ambako faida yake inashushwa.

MTAFITI: Leo siwezi kukuonyesha. Naweza kukuonyesha kwamba sasa tunajua malaria ina mkono, kwa hiyo kila chandarua…

MUUGUZI: Chandarua tulikuwa tunagawa kabla ya mwaka 2015. Hatukuwasubiri panya.

MFUATA SOKWE: Na mimi sijanuna. Nimeuliza tu.

MUUGUZI: Mimi niko katikati yenu, na simpingi binti. Kuna mgonjwa ambaye dawa za zamani zinagoma mwilini mwake, huyo namtazama sina la kumfanyia, na najua jibu lake halitaokotwa njiani. Huyo anamhitaji panya. Ila kwa kila mmoja wa hao, wapo wengi walioshindwa barabarani. Kwa hiyo nikuulize kama mtu wa kazi: ukiandika maombi ya fedha za panya, utaandika na nauli ya mama na mtoto mpaka Mwanza?

MTAFITI: Mfadhili wa utafiti halipii safari ya mgonjwa asiyekuwemo kwenye utafiti.

MUUGUZI: Basi mwingize kwenye utafiti.

MFUATA SOKWE: Ndipo naye awe panya?

MCHUUZI: Mzee wangu, siku ile kama kungekuwa na nauli, mngeniita panya na ningeitika.